Midomo Iliyobabuka kwa Mama Amoit

Tangu nistaafu, vijana wa zahanati wananipigia simu kuniuliza ufunguo wa kabati la pamba uko wapi. Uko kwenye kabati lenyewe, umening'inia mlangoni, pale ulipokuwa miaka yote. Siku moja aliyepiga akaniambia, mzee, si uandike tu yale unajua tuache kukusumbua. Nikakaa chini nikijiuliza ninajua nini hasa. Shule niliishia darasa la nane. Kufunga vidonda najua. Kuandika nabahatisha, na mara nyingi nikisoma nilichoandika jana naona kama kimeandikwa na mtu ninayemfahamu kwa sura tu. Kwa hivyo msinipime kwa herufi. Nikisema jambo juu ya mtu nitajaribu kusema na upande wake, kwa sababu hiyo ndiyo haki, na pia kwa sababu wengi wao bado tunakutana sokoni Amukura na baadhi yao wananizidi nguvu.

Mimi ni mtu wa Busibwabo. Nilikuja huku upande wa Malaba, kwa Wateso, kufyeka nyasi za zahanati. Hiyo ndiyo kazi niliyoomba, na nadhani niliifanya vizuri, ingawa nesi mkuu alisema ninafyeka kama mbuzi aliyeshiba. Nesi huyo aliitwa Sista Felistas. Hakuwa mtawa, ni vile tu tunawaita. Asubuhi moja alichungulia dirishani akaniuliza kama huwa naanguka nikiona damu. Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi ingia tujue."

Mfunga vidonda alikuwa hajaonekana tangu Ijumaa, na ndani kulikuwa na tanboi wa lori, yaani msaidizi wa dereva, aliyeangukiwa na jeki kwenye kidole cha mguu. Nikashika beseni. Sikuanguka. Nilianguka wiki iliyofuata, kwa jipu la kawaida tu la mwalimu mmoja, na nimeona niseme mapema kabla hamjasikia kwa wengine.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na vibano viwili. Kimoja kilishika vizuri, kingine kilishika kikipenda. Tulikuwa na sufuria ya kuchemshia vyombo, na ole wako uichanganye na ile ya chai, maana zilinunuliwa siku moja duka moja. Tulikuwa na toroli lenye gurudumu bovu, lililolia kiasi kwamba mgonjwa aliye mwisho wa foleni alianza kujikaza kabla hajaguswa. Nilitaka kulitia mafuta, Sista Felistas akanikataza. Alisema mtu aliyekwisha kujikaza hakupigi teke. Sijui kama hiyo iko kwenye vitabu. Mimi niliishuhudia.

Huyo mama ndiye aliyenifundisha kila kitu. Alinifundisha kulowesha bandeji kabla ya kuivuta, hata mgonjwa akiwa na haraka ya kuvuka mpaka. Alinifundisha kunusa kidonda kabla ya kukiangalia. Juu ya yote alinifundisha namna ya kuuliza. "Usimuulize mtu amepaka nini," aliniambia. "Atakudanganya. Muulize ni nani alimwambia apake." Na ni kweli. Hakuna anayekubali ujinga wake, lakini kila mtu ana shangazi wa kumshtaki. Ukishampata shangazi, dawa inafuata yenyewe.

Mkikaa kwa kile chumba mtaona kwamba watu wetu wana subira na kila sehemu ya mwili isipokuwa mdomo. Mtu anaweza kutembea na kidonda cha mguu tangu kupanda hadi kuvuna. Lakini kipele kimoja kikitoka kando ya mdomo, pale ambapo majirani wanaona, anachukua chochote kilicho karibu. Nimeona dawa ya meno imekauka mdomoni kama chokaa ya ukuta. Nimeona jivu, mafuta ya taa, maji ya betri, chumvi iliyosuguliwa kwa gunzi. Dereva mmoja wa masafa marefu, amekwama kwenye foleni ya malori, alijipaka mafuta ya breki. Nilipomuuliza ni nani alimwambia, akasema ni dereva mwenzake aliye nyuma yake kwenye foleni. Nikauliza huyo mwenzake yuko wapi sasa. Akasema ameshasonga mbele.

Wote wanafika na ile pete nyekundu kuzunguka mdomo, ngozi imebabuka, malengelenge madogo pembeni, na kipele cha kwanza hakionekani tena kwa sababu kimezikwa chini ya matibabu. Tiba yake mnaijua. Acha ulichokuwa unapaka. Osha kwa maji safi. Paka mafuta mazito ya kawaida yasiyo na manukato. Ngoja. Ikitoa usaha au ikipanda machoni, mpeleke kwa daktari haraka na usijifanye shujaa. Shida ni kwamba wagonjwa hawapendi dawa inayoitwa acha. Mtu ametoka Angurai kwa bodaboda, halafu unamwambia asifanye kitu. Anaona umemwibia.

Niwe mkweli upande wa pili pia. Si kila kitu cha nyumbani ni upuuzi. Maji ya chumvi ya uvuguvugu yamesafisha vidonda vingi siku ambazo sisi wenyewe hatukuwa na kitu kwenye kabati isipokuwa mende. Na kuna mabibi wazee huku walioniambia mambo niliyoyacheka, baadaye nikayafanya mlango ukiwa umefungwa. Ninachosema ni kwamba kinachofaa tumboni au kwenye mboga si lazima kifae usoni.

Sasa nifike kwa kesi ninayotaka kuwaachia, ya miaka michache tu iliyopita, baada ya corona.

Mama Amoit alikuwa mjane. Alizaliwa upande wa Tororo, ng'ambo ya mpaka, Uganda, akaolewa huku kwetu, mumewe akafa akamwachia mabinti wawili wa shule ya msingi na boma lililo nyuma ya zahanati. Alikuwa anapika ajon, ile pombe ya wimbi ya Wateso. Jumamosi mchana wazee wa pale walikaa kwa viti vyao kuzunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake mrefu, yeye akipita na birika akiongeza maji ya moto. Mirija ilikuwa ya wazee lakini iliwekwa kwake, imechomekwa kwenye paa la jikoni. Mimi si Mteso, ila nilikuwa nimefunga vidonda vya karibu kila mmoja wao, kwa hivyo nilikuwa na kigoda changu na mrija wa kuazima. Nilivuta kidogo. Hilo nalo ni kweli kwa kiasi.

Mtungi una heshima yake. Hupangusi mrija wako mbele ya watu. Huangalii ndani ya mtungi kama unatafuta kitu. Ukionyesha kwamba unaogopa mdomo wa mwenzako, umemtukana yeye, umetukana ukoo wake, na umemtukana mwenye mtungi. Wakati wa corona mtungi ulifungwa kwa amri ya serikali, na hakuna aliyelaumiwa. Lakini ulipofunguliwa, wazee walirudi kwa viti vyao na hofu waliyojifunza, na hofu hiyo haikuwa na pa kukaa.

Mvua za masika zikaleta malaria. Mzee Ekirapa akaugua, akapona, akarudi kwa mtungi na lengelenge la homa kwenye mdomo wa chini, bichi kabisa. Akakaa. Akachukua mrija. Wote waliona na hakuna aliyesema neno. Waliongea juu ya bei ya mbolea kwa bidii ambayo sijawahi kuiona.

Haukupita muda midomo ikaanza kuja kwangu.

Wa kwanza alikuwa Petro, shemeji yake Mama Amoit, mdogo wa marehemu. Mdomo ulikuwa mwekundu kuanzia chini ya pua hadi kidevuni, umevimba, unang'aa. Nikamuuliza vile Sista Felistas alivyonifundisha, nani alikuambia upake. Akanikazia macho. "Sijapaka kitu," akasema. "Nimetiliwa." Wakafuata wengine, mmoja leo, mwingine kesho, wote na pete ileile, wote hawajapaka, hakuna shangazi. Ile kanuni iliyonisaidia miaka yote ikanifia mkononi. Nikaanza kufikiri labda ni ugonjwa mpya na mimi nimezeeka.

Habari zikapata miguu. Kila aliyebabuka alikuwa mnywaji wa kwa Mama Amoit. Watoto hawakubabuka, wanawake hawakubabuka, walokole hawakubabuka, na hao wa mwisho hawakuficha furaha yao. Kwa hivyo kuna kitu mtungini. Na kama kuna kitu mtungini, kimewekwa na mwenye mtungi. Na mwenye mtungi ametoka ng'ambo, kule ambako, kwa maneno ya watu wa huku, dawa ni kali. Watu wa ng'ambo wanasema hivyohivyo juu yetu, lakini hawakuwa kwenye mazungumzo.

Petro ndiye aliyesema kwa sauti. Alitaka kikao Jumamosi kwa mzee wa kijiji, na alitaka Mama Amoit arudishwe kwao. Arudi peke yake. Watoto ni wa ukoo, watabaki.

Hapa lazima niwe na haki kwa Petro. Kaka yake alipokufa, ni yeye aliyechimba kaburi kwa mikono yake, ni yeye aliyepanda juu ya nyumba ya mjane kurudisha bati upepo ulipoling'oa. Hakuwa mtu mbaya. Mdomo ulikuwa unamuuma, hakujua ni kwa nini, na alipata jibu lililomfaa.

Siku mbili tatu kabla ya kikao, Mzee Okisai alikuja kwa dirisha la nyuma la chumba changu. Okisai ndiye mkubwa wao wote, mtu ambaye akiongea wengine wanasogeza viti. Mdomo wake ulikuwa umepasuka hata kuongea alikuwa anaongea kama mtu anayepuliza chai. Alinitaka nifunge mlango. Halafu akaniambia, kwa namna ya mtu anayemsimulia jirani, kwamba kila Jumamosi kabla ya kutoka nyumbani anaponda kitunguu saumu na limau, anajisugua mdomo mzima mpaka uwashe, ndipo anakuja kwa mtungi. Ni kinga. Waliipika nyumbani kwake wakati wa corona, wakanywa na hakuna aliyekufa. Sasa ameona aitumie nje. Ulipoanza kubabuka akajua ugonjwa wa Ekirapa umemfikia, akaongeza saumu.

Nikamwambia saumu ndiyo imemchoma. Akasema haiwezekani, maana anakula saumu tangu utoto. Nikamwambia hata mimi nakula pilipili lakini siioshei macho. Hilo akalifikiria.

Nilimpelekea habari Daktari Nafula bila kutaja jina, maana siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Nafula alikuwa binti wa Bungoma, amemaliza chuo juzi tu, hakuwa daktari kwa cheti lakini huku mtu akiweza kukuangalia ndani ya sikio anaitwa daktari. Wengine kwenye zahanati walimcheka kwa sababu aliosha mikono sana. Mimi pia nilicheka kidogo. Alisikiliza, halafu akaniuliza kama nimeangalia vidole vyao. Sikuwa nimeangalia. Miaka yote hiyo, nikiona mdomo naangalia mdomo.

Mchana ule Petro alirudi kutafuta dawa kali zaidi. Daktari akamwambia anyooshe mkono wa kulia. Ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada zilikuwa zimebabuka, ngozi inatoka kama ganda la njugu. Akamuuliza hiyo imetoka wapi. Petro akasema ni jembe. Daktari hakubishana. Petro alipotoka, Daktari akaniambia, "Mzee, hawa wote wanajipaka. Kila mmoja anafikiri ni yeye pekee."

Ndipo nilipoelewa, na nilitaka kucheka nikashindwa. Kila mzee alikuwa anaamka Jumamosi anajificha nyuma ya nyumba na kinu, anajichoma mdomo ili asiwatukane wenzake kwa kuwaogopa, kisha anakuja kukaa karibu nao na heshima zake zote. Na kwa heshima hiyohiyo mama wa watu alikuwa anaelekea kunyang'anywa watoto.

Nikarudi kwa Mzee Okisai. Nilimkuta anamenya mihogo. Nilimwomba aseme Jumamosi alichoniambia. Sentensi moja tu, wengine watafuata. Alimenya muhogo mzima kabla ya kunijibu.

"Niseme mbele ya wenzangu kwamba nawaogopa midomo? Watu nimekaa nao tangu tukiwa vijana?"

Nikamwambia mama atafukuzwa.

"Basi aende," akasema. "Kwao si mbali."

Sijui kama ningejibu tofauti mimi mwenyewe, kama ningekuwa mkubwa wa kitu chochote. Nilikaa naye kidogo. Hakunikaribisha muhogo.

Jumamosi tulikaa kwa mzee wa kijiji, chini ya turubai lililokuwa limebaki kutoka matangani. Wazee wa mtungi walikaa mstari wa mbele, midomo yote inang'aa kama waigizaji wa kundi moja. Mama Amoit alikaa kwa mkeka upande wa pili, peke yake, na binti zake walikuwa wamesimama kwa ua na sare za shule ingawa ilikuwa Jumamosi. Nafikiri aliwavalisha makusudi, watu wakumbuke kwamba wanasomea huku. Kama alifanya hivyo alikuwa na akili.

Petro alieleza shtaka lake vizuri, bila matusi, nampa hilo. Halafu mzee wa kijiji akamuuliza Daktari Nafula kama ni sumu. Daktari akasimama, sauti yake ilikuwa ndogo mpaka watu wa nyuma wakalalamika. Alisema kilichowachoma kimewagusa kwa nje. Ndimi zao ni nzima. Sumu ya mtungini ingeanzia kwenye ulimi. Yeye hawezi kumtaja mgonjwa yeyote wala alichosema, lakini anawaomba wanaojua wanachojua waseme.

Mzee Okisai alikuwa anaangalia mbuzi wa jirani.

Petro akasema, kama si mtungi basi ni mirija. Mirija inalala kwa nani? Inalala kwake. Amepaka kitu kwenye mirija. Watu wakaguna, wakaona ni hoja. Hata mimi kwa sekunde niliona ni hoja.

Mzee wa kijiji akamgeukia Mama Amoit, akamuuliza kama ana la kusema. Nilifikiri atalia. Alisimama akajifunga leso upya.

"Mirija ina kitu," akasema. "Ni kweli. Nimekuwa nikinyamaza."

Akawageukia wazee wa mstari wa mbele.

"Kila Jumapili nikiiosha, inanuka saumu. Yote. Nilichemsha, inanuka. Nilianika juani, inanuka. Mtungi wangu umeanza kuwa na ladha ya mchuzi. Mimi sipondi saumu, sina hata moja jikoni, njooni mwangalie." Akamtazama Petro. "Shemeji, nilijua ni nyinyi mnaniroga. Nikasema wamechoka na mimi, wanataka niondoke, wameanza na mtungi. Mimi ndiye nimekuwa silali. Leo ninasikia eti mimi ndiye mchawi."

Nawaambia ukweli, kwa muda ule harufu ilikuwepo. Wazee wale wote, wamekaa bega kwa bega chini ya turubai lenye joto, walinuka kama jiko la harusi. Hakuna aliyeitaja, kwa sababu kila mmoja alidhani ni yeye.

"Nani amepaka saumu?" Petro akauliza, na alipouliza alikuwa ameshaweka mikono nyuma.

Daktari Nafula hakusimama. "Sitamtaja mtu," akasema. "Kila mmoja anuse vidole vyake mwenyewe."

Ni jambo la kuchekesha kuwaona wazee wa heshima wakijizuia kunusa vidole. Mmoja alijifanya anakuna pua. Mwingine alikalia mkono. Wanawake waliokuwa wamesimama nyuma ya turubai, ambao vinu vya nyumbani ni vyao na walikuwa wameanza kuhesabu saumu zilizopotea, wakaanza kucheka kwa chinichini, kile kicheko ambacho mume anakijua.

Na hapo Mzee Okisai akageuka kwa kiti chake. Hakumwangalia Mama Amoit wala mzee wa kijiji. Alimwangalia Ekirapa.

"Ekirapa," akasema, "nimekuogopa mdomo."

Kwa watu wale, hayo ni maneno yanayoweza kumaliza urafiki wa maisha yote. Mdomo wa Ekirapa ndio uliokuwa mbaya kuliko yote.

"Mimi nilikuogopa wewe kwanza," akajibu. "Kile kidonda changu nilijua nimekipata kwako. Ndiyo maana nikaanza na saumu."

Sijui nani alicheka kwanza. Nadhani ni mmoja wa wake zao. Baada ya hapo ikawa kama mfereji uliopasuka, huyu anakiri saumu na limau, yule saumu na chumvi, mmoja alikuwa ameongeza mafuta ya taa na wenzake wakamshangaa kana kwamba wao walikuwa na akili. Petro alikuwa wa mwisho. Alitoa tu mikono kutoka nyuma, akaiweka juu ya magoti, watu wakaiona.

Mzee wa kijiji, ambaye alikuwa na shughuli nyingine, akasema mambo yameisha, akamwomba katekista afunge kwa sala.

"Mimi sijaisha," Mama Amoit akasema.

Alikuwa bado amesimama. Alimwambia Petro kwamba yeye ameitwa hapa kama mchawi mbele ya watu, na hatoki kama mtu aliyesahauliwa. Yale Petro aliyosema juu ya watoto aliyasema kwa sauti, kwa hivyo ayaondoe kwa sauti. Petro akaangalia chini. Mimi ninayemjua najua kwamba bati la nyumba ni rahisi kwake kuliko neno. Lakini alisimama. "Watoto ni wa mama yao," akasema. "Mama yao ni wa hapa." Halafu akakaa haraka kama kiti kinamkimbia.

"Eyalama," Mama Amoit akasema, ambayo ni asante, ingawa kwa namna alivyoisema haikuwa asante sana. Akatangaza kwamba Jumamosi ijayo mtungi utakuwepo. Atakayekuja aje na mdomo mtupu. Mwenye kidonda cha homa akae nyumbani mpaka kikauke, na kukaa nyumbani hakutakuwa matusi, kwa sababu yeye mwenye mtungi ndiye ameamuru. Wazee wakakubali kwa vichwa. Nafikiri hilo ndilo walilokuwa wanalihitaji tangu mwanzo, mtu wa kuwaamuru, ili hofu yao isiwe yao.

Wiki ile niligawa mafuta mazito kuliko mwaka mzima uliotangulia, na dawa inayoitwa acha ilikubalika bila ubishi. Daktari Nafula alihamishwa baadaye. Mkisikia ninasimulia hii kesi kana kwamba ni mimi niliyeitatua, nikumbusheni kwamba vidole aliviona yeye, na mirija aliisema mwenye mtungi. Mimi nilikuwa na habari nusu ambayo sikuruhusiwa kuitumia. Kazi yetu mara nyingi iko hivyo, na bado ni lazima uende ukae kwenye kikao.

Jumamosi iliyofuata nilienda na kigoda changu. Wazee walikuja wamechelewa kidogo, wamenyoa, midomo ina magamba, wanasalimiana kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Mama Amoit alikuwa ametoa mirija yote, ameichemsha, ameipanga kwenye ungo. Ekirapa alichukua wake. Okisai alichukua wake akakaa karibu na Ekirapa, magoti yakigusana.

Petro alikuja wa mwisho tena. Vidole vyake vilikuwa vinapona, lakini mdomo bado ulikuwa mbichi pembeni, na maji ya mtungi yalikuwa yanatoa mvuke. Alishika mrija, akauangalia, akaniinamia sikioni.

"Mzee, itaniuma?"

"Itauma," nikamwambia.

Alimtazama shemeji yake, ambaye alikuwa amesimama na birika. Akainama akavuta, kwa muda mrefu, mpaka machozi yakamtoka.

Mama Amoit akamwongezea maji ya moto.